Simiti Ndani ya Mashua ya Mzee Chepyegon

Jumapili, 3 Agosti 2025

Leo nimekuwa kapteni. Yaani, karibu nimekuwa. Bado siku sita tu.

Nieleze vizuri, ili daftari hili likiokotwa baada ya mimi kuwa maarufu, watu wasipotee. Jina: Jonah. Miaka kumi na tisa. Shule niliiacha kidato cha pili. Mimi ndiye niliiacha, hata kama mwalimu mkuu anasimulia vingine. Kazi: fundi wa injini. Cheti sina. Cheti ni karatasi, na karatasi huku kwetu huwashia moto wa chai.

Jirani yetu, Mzee Chepyegon, ana mashua ya tanga. Ndiyo. Mashua, Kericho, katikati ya majani chai! Mzee alikuwa mpishi wa meli miaka thelathini. Akastaafu, akainunua ikiwa kuukuu huko Kisumu, ikaletwa juu ya lori huku watoto wakikimbia nyuma wakiuliza wanyama wako wapi. Akaiweka kwenye bwawa lililo chini ya shamba lake. Ubavuni ameandika BILHAH, jina la mkewe. Tanga iko, lakini bwawa letu liko bondeni na upepo hupita juu kwa juu kama mgeni aliyekataa chai. Kwa hivyo mashua hutegemea injini.

Na injini hiyo hutetemeka. Wacha nirudie. Hu-te-te-me-ka.

Leo baada ya kanisa Kogo Bilhah amekubali kupanda kwa mara ya kwanza. Kogo kwetu ni nyanya, yaani bibi. Si nyanya yangu, lakini jaribu kumwita jina tupu uone. Amepanda na meno yote mdomoni. Ameshuka ameshika nusu mkononi. Miwani ilikuwa kidevuni. Amesimama ukingoni, akayarudisha meno, akatoa hukumu mbele ya waumini wote.

Hukumu ni hii. Jumamosi wanatimiza miaka arobaini ya ndoa. Atapanda mara moja tena. Kikombe cha chai kitajazwa mpaka mdomoni, kiwekwe juu ya sanduku la injini, mashua izunguke bwawa. Tone moja likimwagika, mashua itolewe majini iwe nyumba ya kuku. Tayari amepima kwa macho. Anasema wataenea kuku thelathini na wawili, na jogoo atalala pale mbele penye ncha.

Mzee Chepyegon alishika ubavu wa mashua vile mtu hushika ng'ombe anayepelekwa sokoni.

Nikasimama juu ya ndoo. Nikatangaza kwamba mimi, Jonah, nitaituliza injini hiyo mpaka kikombe kisinzie. Mzee akasema atakayefaulu atapewa kofia yake nyeupe ya baharini, na Desemba mashua ikipelekwa ziwani, yeye ndiye kapteni.

Hapo hapo Kimotho akanyoosha mkono. Polepole, kama yuko darasani! Kimotho ni mtoto wa Mama Jecinta mwenye duka la spea Chepseon. Alisoma chuo cha ufundi. Ana cheti, na kimewekwa kioo. Akasema naye angependa kujaribu, kama mzee ataona ni sawa. "Kama mzee ataona ni sawa." Mtu wa kuudhi sana.

Mzee akaamua: Jonah mpaka Alhamisi mchana, kwa sababu alipiga kelele kwanza. Halafu Kimotho.

Kogo akaniita kando. Akauliza kama kweli mimi naitwa Jonah. Nikasema ndiyo. Akauliza kama yule wa kwenye Biblia, aliyepanda meli ikapata shida. Nikasema huyo ni Yona. Akaniangalia muda mrefu.

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Uchunguzi wa kitaalamu. Nimelalia injini kwa tumbo ikiwa inanguruma. Tumbo haliongopi. Nimegundua kwamba inatetemeka.

Kimotho alikuja kutazama bila kualikwa. Akaanza kuhesabu kwa vidole mambo ya kuangalia: raba ambazo injini imekalia, labda zimekufa. Shafti, ule mti wa chuma unaotoka kwa injini mpaka nje majini, labda umepinda. Propela iliyo mwisho wa shafti, labda imepigwa jiwe. Na zile sahani mbili za chuma, moja ya injini na moja ya shafti, zinapobanana kwa bolti nne, labda hazitazamani sawasawa. Akasema sahani zikikosana hata kwa unene wa unywele, mashua nzima italia.

Nimemwambia mimi na mke wangu wa baadaye pia hatutatazamana sawasawa, na nyumba itasimama. Fancy akacheka. Fancy ni mjukuu wa Kogo, karani wa kituo cha kupimia majani chai. Sijui alicheka upande gani.

Nikaamuru mashua itolewe majini. Ng'ombe wanne na wachuma chai tisa. Imekaa ukingoni juu ya magogo, inapendeza. Kimotho akasema, polepole, kwamba mashua ya mbao ikiwa nchi kavu huwa na umbo lingine, na ikirudi majini hujikunja kidogo, kwa hivyo kupima kwa mwisho hufanyiwa majini. Nikamuuliza: ng'ombe akitoka mtoni hugeuka mbuzi?

Watu wakanishangilia. Hoja ni hoja.

Zile raba za zamani nimezitoa. Kweli zilikuwa zimekufa, moja ilibomoka kama mandazi ya juzi. Sikumwambia Kimotho. Kumpa mtu kama huyo sababu ya kutabasamu ni dhambi.

Jumanne, 5 Agosti 2025

Mpango wa kwanza: akala, vile viatu vya tairi! Kama tairi kuukuu huzuia miguu ya wazee kutetemeka kutoka hapa mpaka Mulot, itashindwa na injini? Nimekata tairi la trela vipande kumi na viwili. Vitatu vitatu kila pembe. Injini imekaa juu kama bibi harusi kwenye makochi.

Nilihitaji kipimo. Nikaazima sotet jikoni kwa Kogo, kibuyu kikubwa cha mursik, maziwa yetu ya mgando. Nikakifunga juu ya sanduku la injini. Wazo langu lilikuwa rahisi: mursik ikitulia, mashua imetulia.

Kwa kuazima namaanisha kwamba Kogo alikuwa shambani.

Mashua ikarudishwa majini. Nikawasha. Injini iliruka! Iliruka kama ndama aliyeachiliwa asubuhi. Ilikuwa inaenda juu, inarudi, inaangalia upande, inaenda tena. Shafti ikapiga kelele ambayo sijawahi kusikia kwa chuma, niliwahi kuisikia kwa shangazi. Dakika kumi. Mzee Chepyegon alikuwa amekumbatia mlingoti.

Nikafungua sotet. Ajabu! Juu, siagi. Chini, maji. Siagi yenyewe ya kijivu kwa sababu ya ule mkaa unaosuguliwa ndani ya kibuyu, lakini siagi! Nikaona maisha yangu yote mbele yangu: kiwanda cha siagi kinachoelea. Nikakimbia kumwonyesha Kogo.

Hiyo mursik ilikuwa ya sherehe ya Jumamosi. Aliilaza tangu wiki iliyopita.

Kogo hakupiga kelele. Alichukua siagi, akaifunika, akaiweka kabatini, akasema atajua ataitumia lini na kwa nani. Halafu akarudi nje na utepe wa kupimia. Ameipima mashua nzima, mbele na nyuma. Pale kwa kitanda cha mashua, aliandika kwa chaki: MAYAI.

Mzee alikuja baadaye akafuta ile chaki kwa mkono wa shati. Nilijifanya natafuta spana.

Jumatano, 6 Agosti 2025

Nimepata! Nimepata! NIMEPATA!

Asubuhi mama alinituma kwa Onsongo na debe la mahindi. Onsongo ana mashini ya posho. Nilikuwa nimeegemea ukuta nikiwaza mambo makubwa, mahindi yakisagwa. Nikaangalia ile injini yake. Kubwa kuliko ya Mzee mara tatu. Inanguruma kama ina kesi. Lakini haitembei! Haitikisiki hata kidogo! Nikamuuliza Onsongo ametumia dawa gani. Akanionyesha chini kwa kidole cha mguu. Konkriti. Akaniambia: "Kijana, mashini ambayo haijashikwa ni mashini inatafuta kwenda."

Nilisahau unga. Nilirudi kuuchukua. Nikasahau tena.

Shule za hawa watu wenye vyeti zimefundisha nini? Raba, unywele, sahani zinatazamana. Na jibu liko kwa kila mashini ya posho toka hapa mpaka Ndanai!

Mzee alikuwa na mifuko miwili ya simiti nyuma ya zizi. Nikamwambia nahitaji kidogo ya kazi ya injini. Akauliza, simiti? Nikasema ni mambo ya kitaalamu. Akanipisha. Mpishi hamuulizi fundi.

Mashua nchi kavu tena. Ng'ombe wameanza kunifahamu, wakiniona wanajilaza. Nimetoa akala. Nimechanganya mfuko mmoja na nusu, mchanga, kokoto za barabarani. Nimemwaga chini ya injini, kando ya injini, nyuma ya injini, mpaka miguu yake yote ikazama. Nimesawazisha kwa mwiko. Kazi safi. Hata kanisani hakuna sakafu kama hiyo. Ilipokuwa bado mbichi nimechora kwa msumari: JONAH FUNDI 6/8/2025. Na kiganja changu kando, kama sahihi.

Mchana ikanyesha mvua ya mawe. Nimeifunika konkriti kwa koti langu, mimi nikapigwa. Hivyo ndivyo mtu hupenda kazi.

Kimotho alipita na mwavuli. Akaangalia ndani ya mashua. Akafungua mdomo. Akaufunga. Akapiga picha kwa simu, akaenda. Ameiba ujuzi wangu! Kesho utaona Chepseon yote imejaa mashua za konkriti.

Alhamisi, 7 Agosti 2025

Konkriti imeshika. Mashua ikashushwa majini saa tatu asubuhi. Nusu ya wachuma chai walikuja kutazama, kikapu mgongoni.

Mkia ukazama. Si sana! Kiasi. Pua ikaangalia juu kama ndama anayenyonya. Nimewaelezea watu kwamba mashua za kisasa zote huangalia juu, ni tabia ya kujiamini.

Nikawasha.

Sasa nisikilizwe vizuri, maana hapa watu wananionea. Injini HAIKUTETEMEKA. Ilitulia tuli ndani ya konkriti. Nilishinda! Kilichotetemeka ni kila kitu kingine. Mashua. Mlingoti. Kamba. Misumari ilianza kutoka kwenye mbao kama inachungulia. Maji yenyewe yalisimama vinyweleo. Vyura walitoka bwawani kwa miguu, familia nzima nzima. Mzee Chepyegon alikuwa anajaribu kuniambia nizime, lakini alichoweza kutoa ni "zi-zi-zi-zi", nikadhani anaimba.

Kimotho alieleza baadaye, hakuna aliyemuuliza. Konkriti ya posho imekalia dunia, na dunia ni nzito. Mashua haijakalia dunia. Ukiifunga injini kwa mbao bila raba, umeiambia mashua itetemeke badala yake. Fancy akasema hata yeye hilo analielewa. Akaongeza kwamba hata vyura wamelielewa.

Muda wangu ukaisha.

Mzee alienda akaketi kwenye jiwe, akatoa kisu mfukoni, akaanza kumenya viazi. Sijui viazi alivitoa wapi. Wapishi wa meli wakihuzunika hufanya hivyo, nafikiri. Nikaketi karibu, si kwa huruma, nilikuwa nimechoka. Akaniambia kitu. Miaka thelathini alilisha watu ndani ya meli za wenyewe. Bilhah alibaki hapa na watoto watano na chai ekari moja. Kila barua alimwandikia: nikirudi kabisa, nitakuzungusha ziwa lote, wewe ukiwa umeketi, hufanyi kazi. Kogo hajawahi kuketi. Hivyo ndivyo alisema. Mashua ikiwa nyumba ya kuku, atakuwa ameongeza tu kazi ya kufagia.

Nikahisi kitu kifuani. Nimeamua ilikuwa viazi vya jana.

Mchana kutwa Kimotho amevunja konkriti kwa nyundo na patasi, mashua ikiwa juu ya magogo. Nani amebeba vipande? Fundi mkuu. Fancy alikuwa anahesabu safari zangu kwa sauti kama anapima magunia ya majani. Lile pande lenye jina langu na kiganja halikuvunjika. Konkriti bora! Mzee akalichukua, akasema lina uzito mzuri, atalitafutia kazi.

Kimotho ametia raba mpya nne kutoka dukani kwa mama yake. Akazungusha shafti kwa mkono: haijapinda. Akasugua propela. Jioni mashua ikarudi majini. Nikangoja awashe. Hakuwasha! Akasema mbao zilale majini kwanza, zikae zinavyotaka, kesho ndiyo tupime. Eti mbao zilale. Tuziimbie na wimbo?

Ijumaa, 8 Agosti 2025

Mbao zimeamka salama. Asante sana.

Kimotho ametoa bolti nne za zile sahani mbili. Kweli, nimechungulia: juu zimegusana, chini kuna mwanya. Jana nchi kavu hazikuwa hivyo. Sijasema kitu. Labda usiku samaki wamezisukuma.

Akatafuta kipimo chake, vile visu vyembamba vya chuma vya kupitisha kwenye mwanya. Akafungua sanduku. Akatafuta tena. Akatafuta chini ya kiti. Akamuuliza kila mtu, mpaka ng'ombe.

Daftari, wewe peke yako ndiwe utajua. Jana jioni nilihitaji kitu cha kufungulia mkebe wa rangi. Vile visu vilikuwa karibu. Sasa vimepinda kama ndizi na vina rangi nyekundu. Viko chini ya kitanda changu. Rangi ilikuwa ya kazi muhimu, nitaeleza.

Kimotho akaishiwa. Kwa mara ya kwanza nilimwona ameishiwa! Mzee akafumba macho. Chepseon kwenda na kurudi, na mvua hiyo inakuja... Nilikuwa karibu kusema ukweli. Karibu kabisa. Mdomo ulikuwa umeshafunguka.

Fancy akaingiza mkono kwenye aproni akatoa risiti ya majani, ile karatasi nyembamba mashini ya kituo hutema mkulima akipimiwa. Akasema ni nyembamba na unene ni mmoja, mwanzo wa bunda mpaka mwisho. Haiwezi kutumika? Kimotho aliiangalia kama ameonyeshwa mbingu.

Wakakata vipande. Kimoja juu, kimoja chini, kimoja kila upande. Kimotho anainua pembe ya injini kwa nati, robo mzunguko. Fancy anavuta risiti. Hii inabana, hii imelegea. Nati tena. Risiti tena. Saa nne! Mwishoni zote nne zikavutika sawa, ngumu kidogo, kama unatoa noti mkononi mwa Kogo. Bolti zikafungwa.

Wakawasha. Nilikuwa nimejiandaa kucheka.

Mrrrrr. Hivyo tu. Kama paka.

Mzee aliweka kiganja juu ya sanduku la injini akakiacha hapo. Kitambo kizima.

Haya, wameweza. Lakini kapteni ni nani? Watu hukumbuka mwenye bendera! Ndiyo kazi ile ya rangi. Nimechukua aproni kuukuu za plastiki za wachuma chai, nimekata vipande, nimeandika kila kimoja herufi moja nyekundu: K-A-P-T-E-N-I-J-O-N-A-H. Nimevifunga kwa kamba ya katani. Mita kumi. Kesho itapepea nyuma ya mashua, mpaka Bomet waisome.

Jumamosi, 9 Agosti 2025

Ngoja nikauke kwanza.

Haya. Watu wa kanisani walijaa ukingoni, chai shambani hakuna aliyechuma. Kogo Bilhah amevaa gauni la samawati na ile sura ya siku ya hukumu. Ndani ya mashua: Mzee kwenye usukani, Kogo kwenye kiti kilichotiwa mto, Fancy na birika, Kimotho kando ya injini, mimi nyuma kabisa na bendera imefichwa chini ya koti.

Fancy akajaza kikombe. Akajaza mpaka chai ikavimba juu ya mdomo. Kogo akainama akaikagua kwa macho, akasema ongeza. Ikaongezwa.

Injini. Mrrrr. Chai haikutikisika. Tukaenda. Kogo alikuwa haangalii bwawa, anaangalia kikombe tu. Mzee naye haangalii bwawa, anamwangalia Kogo.

Katikati ya bwawa nikaona wakati umefika. Nikaiachilia bendera.

Kosa la upepo! Nimeshasema bondeni hakuna upepo, na nalisema tena. Haikupepea. Ililala kwenye maji, ikateleza, ikaingia chini ya mkia. Ikavutwa. Niliona KAPTENI ikienda, halafu JO, halafu NAH.

Gu-gu-gu-gu-gu! Mashua yote! Chai ikapanda upande mmoja, ikapanda upande wa pili, ikasimama kwenye ukingo wa kikombe kama mtu anayefikiria kuruka. Mzee akazima injini kwa kiganja.

Kimya. Hakuna tone. Lakini hata mimi niliona: ukiwasha tena, itamwagika. Mzee alikuwa na uso ambao sitaki kuandika.

Kogo akageuka polepole. Hakunitazama mimi. Alitazama juu, akauliza kwa sauti ya mwalimu wa shule ya Jumapili: mabaharia walifanya nini walipotaka kujua msiba umewapata kwa ajili ya nani? Fancy akajibu haraka sana: walipiga kura!

Sikuogopa. Nilijitolea mimi mwenyewe kushika kura! Kuna tawi la chai lilikuwa kwenye kikapu cha Fancy, nikavunja vijiti vitano. Kimoja kifupi. Nikakibana chini ya kidole gumba. Mpango: Kimotho kila mara huchukua wa mwisho, kwa adabu yake. Kwenye mandazi, kwenye viti, kwenye kila kitu. Kile kifupi kingebaki chake kama jua lilivyo la mchana.

Kogo akavuta. Kirefu. Mzee, kirefu. Fancy, kirefu. Vikabaki viwili, nikamnyooshea Kimotho kifupi kikiwa kimejitokeza vizuri, kirefu nimekibana. Akatabasamu. Akasema: "Hapana, boss. Wewe ndiye fundi mkuu. Chagua kwanza."

Kidole kilichanganyikiwa. Mtu hawezi kubana na kuvuta kwa mkono huo huo. Vijiti vilianguka. Kogo akaviokota, akampa Kimotho kirefu, akanipa mimi changu.

Alinisukuma kwa kidole kimoja. Kimoja! Mimi, kilo sitini na mbili!

Maji: baridi ya mvua ya mawe. Kina: kwapani. Matope: magotini. Mzee akainua ufunguo wa injini juu nikauona, ili nijue hakuna mtu atawasha. Kimotho akaniteremshia kisu. Nikapapasa chini ya mkia. Katani imejisokota kwenye shafti na propela raundi ishirini. Nikakata, nikavuta, nikakata. Fancy akauliza kutoka juu nimepata nini. Nikasema ni mmea. Aina nadra. Nikausokomeza wote ndani ya shati.

Wakawasha. Mrrrrr. Wakaondoka.

Bila mimi!

Nikapaza sauti. Kogo akainama nje ya mashua, akaangalia kola yangu ambako herufi K na P zilikuwa zimechungulia, nyekundu, zinadondosha maji. Akasema Yona alikaa mle ndani siku tatu. "Wewe weri, kijana wewe, kaa hapo raundi tatu."

Wakazunguka raundi tatu. Nilihesabu. Raundi ya kwanza Kogo bado anatazama kikombe. Ya pili ameacha kukitazama, anatazama majani chai yote yanavyopanda kilimani, shamba lake lenyewe, na mkono wake umeingia majini. Ya tatu ameegemea mto, miguu ameinyoosha. Ameketi! Watu wote ukingoni waliona. Alichukua kikombe, akanywa mpaka mwisho, akakigeuza juu chini. Hakikutoa tone.

Akasema Desemba aletewe koti zito, kwa sababu anasikia ziwani kuna baridi asubuhi.

Mzee Chepyegon akafuta macho, akasema ni vitunguu. Hakukuwa na vitunguu.

Kofia nyeupe? Mzee alimnyooshea Kimotho. Kimotho akasema, kama mzee ataona ni sawa, ingemfaa zaidi mwenye jina lililoandikwa ubavuni. Kogo akaivaa. Kimempendeza kile kitu, lazima niseme. Kapteni ni yeye.

Jumapili, 10 Agosti 2025

Mafua. Lakini tuweke rekodi sawa kwa ajili ya vizazi.

Nani alitoa raba zilizokufa? Mimi. Nani alileta wazo la risiti? Fancy, lakini ni nani aliyesababisha risiti ihitajike? Mimi. Mashua ilitulia lini kabisa, mbele ya mashahidi wote? Nilipokuwa NIMETOKA. Kwa hivyo, ukipiga hesabu vizuri, mimi ndiye nimeiponya.

Na heshima imekuja. Lile pande la konkriti lenye jina langu na kiganja, Mzee amelitoboa akatia mnyororo. Ndilo nanga! Fancy anasema kwa furaha kwamba Desemba, kila jioni, watamtupa Jonah ziwani. Sioni kicheko ni cha nini. Jina langu litagusa chini ya ziwa kabla ya cheti cha Kimotho.

Kogo ameniita mchana, akanipa ugali. Juu yake, siagi yote ya kijivu. Amekaa hapo na kofia yake mpaka nikamaliza. Si mbaya. Inahitaji chumvi na msamaha.

Visu vya Kimotho nimevirudisha mlangoni kwake, nimevinyoosha kwa jiwe. Sasa vimekuwa vinene zaidi, yaani nimemwongezea chuma.

Halafu leo hii, baada ya ibada, Mchungaji Benard amelalamika kwamba jenereta ya kanisa inatetemeka mpaka inatoka chumbani kwake yenyewe. Jumapili iliyopita ilifika madhabahuni katikati ya mahubiri. Kimotho, ambaye hakuulizwa, akasema pengine ni raba, waangalie kwanza.

Raba! Huyu mtu hajifunzi kitu.

Nilitoka nje, nikapita nyuma ya zizi la Mzee, nikafunua gunia. Upo. Nusu mfuko mzima wa simiti, mkavu. Kokoto ziko barabarani. Jenereta yenyewe ina magurudumu na mpini, lakini hayo yatazama vizuri, na mchungaji hana safari nayo.

Jina nitaliandika kubwa zaidi.